Mashine Inayotaka Uumie Kwanza

1

Mtani hana adabu, na hatakiwi kuwa nayo. Ndiyo maana siku ya tatu ya msiba wa Mwanakombo, wanawake wakiwa wamejaa mikekani kuanzia sebuleni hadi barazani, Nyamizi Kapela aliingia bila hodi amevaa gauni la marehemu na kilemba cha marehemu, akauliza kwa sauti ya marehemu ni nani aliyemnywea chai yake.

Wanawake wakaangua kicheko. Hata Mwamini, mdogo wa marehemu, ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu mazishi, alijifunika kanga usoni mabega yakimtikisika, na safari hii hakuwa akilia.

Mwanakombo alikuwa Mzigua. Nyamizi ni Mnyamwezi, kizazi cha watu walioletwa kukata mkonge enzi za Mjerumani wakasahauliwa hapa hapa Kwesemgaya. Mengi yamepita tangu hapo. Mkonge hausokotwi tena kamba; unachambuliwa uzi mmoja mmoja na wanawake wa Banda la Nyuzi, kisha unafumwa kuwa ngozi za ndege zisizo na rubani. Maji hayatoki mtoni, kwa sababu mto wenyewe haupo. Yanakamuliwa hewani na minara ya Kampuni, na Nyamizi ndiye fundi anayepanda kuizibua. Lakini Mzigua akifa, Mnyamwezi bado anakuja kumcheza, na mfiwa bado haruhusiwi kukasirika. Hilo Kampuni haikuweza kulibadilisha, labda kwa kuwa haikulijua.

Nyamizi alizunguka sebule. Alitembea akiwa amebana kiwiko cha kulia ubavuni, chini kidogo ya mbavu, kama mtu aliyekwapata kuku wa wizi na hataki alie. Kila baada ya hatua chache alisimama, akachomoa kitana kutoka kwenye kilemba, akajikuna viganja kwa meno ya kitana hicho, macho ameyafumba kwa utamu. Alipofika kizingitini alishika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akauliza hivi nani amekiongeza urefu kizingiti hiki usiku.

“Ni yeye,” mmoja alisema akijifuta machozi. “Jamani, ni yeye kabisa.”

Mwantumu Semdoe alicheka kama wenzake. Kisha kicheko kikamkatikia katikati ya koo, na waliokuwa karibu naye walidhani amepaliwa.

Kuku yule wa ubavuni Mwantumu alishamwona. Alimwona kwenye msiba wa mama yake mzazi. Mtani alikuwa Nyamizi huyu huyu, amevaa gauni la mama, na alibana ubavu ule ule, akajikuna kwa kitana vile vile, na Mwantumu alicheka hivi hivi. Alimwona tena kwa Bi Somoe. Alimwona kwa yule mama wa Mgambo aliyekuwa akiuza maandazi getini. Miaka yote hiyo watu wanamcheka kuku mmoja.

Alimsubiri Nyamizi nje, penye tangi, mpaka alipokuja kunawa majivu aliyojipaka usoni kwa mchezo. Akamwambia amechoka kazi. Mtani gani ana kichekesho kimoja tu, anakihamisha maiti hadi maiti kama sare ya shule?

Nyamizi akaacha kunawa.

“Wewe Mzigua, usinitukanie kazi yangu,” alisema. “Mimi situngi kitu. Namwangalia mtu akiwa hai, akifa namtoa kama alivyokuwa. Nyinyi mnamsikiliza mtu anasema nini. Mimi niyasikilize maneno yenu ya nini, mnajua kusema zaidi ya kudanganya? Mimi natazama mtu anavyotembea. Kama mmeamua kufa wote kwa mwendo mmoja, kosa langu?”

Mwantumu akamwomba awataje. Nyamizi aliwataja bila kusita, mmoja mmoja, pamoja na nyumba zao na nguo alizovaa kuwacheza. Wote walikuwa wanawake. Wote waliwahi kufanya kazi Banda la Nyuzi. Wote, kabla ya kupandikizwa Tulizo la kuzima maumivu, walijulikana mji mzima kwa kulalamika mwili: mabega, nyonga, vidole, uchovu usioisha kwa kulala. Na wote, kwa kadiri Mwantumu alivyokumbuka, cheti cha kifo kilisema ini.

“Na wazima?” aliuliza. “Yupo mzima anayetembea hivyo?”

Aliye hai hachezwi. Kumcheza aliye hai ni kumzika mapema, na hilo hata watani wanaliogopa. Nyamizi alifungua kilemba cha marehemu taratibu, akakikunja, na macho yake yakaenda yenyewe uani, kwenye moshi, ambako Sikudhani, dada wa tumbo moja wa Mwantumu, alikuwa akihamisha sufuria ya wali kwa mkono wa kushoto peke yake. Kiwiko cha kulia alikuwa amekibana ubavuni.

2

Kuna ukuta Kwesemgaya, mkabala na soko, umeandikwa kwa herufi za urefu wa mtu: MAUMIVU YAMEKWISHA. Waliuandika mwaka Tulizo lilipoletwa. Watoto wa shule walivalishwa fulana nyeupe wakaimba, na meneja wa Kampuni akalia jukwaani, machozi ya kweli kabisa, maana uzalishaji ulikuwa umeanza kupanda.

Tulizo ni kidude kisichozidi punje ya mtama. Linapandikizwa shingoni, chini ya sikio, jirani na mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka hadi tumboni. Kazi yake ni kusikiliza. Mwili ukitaka kupeleka habari ya maumivu ubongoni, Tulizo linaiwahi njiani na kupeleka habari nyingine badala yake, habari ya mtu aliyelala vizuri na kushiba. Aliyeungua bado anaungua. Hapati habari tu, ingawa misuli hujikunja yenyewe kujilinda na kuwashwa hakuzimwi. Kwa hiyo kila mwenye Tulizo anafundishwa kujikagua ngozi asubuhi na jioni, kama mtu anayekagua gari la mwenzake.

Mwantumu ndiye aliyekuwa akiyapandikiza na kuyarekebisha, kwa rimoti nyeusi inayokaa kwenye mfuko wa koti lake. Rimoti inawasha na kuzima. Mwenye mwili haulizwi chochote. Kidole gumba cha fundi kinatosha. Aliisomea kazi hiyo miaka miwili Tanga na alikuwa akijivunia, na alikuwa na haki ya kujivunia, kwa sababu aliwaona kwa macho yake wanawake waliobebwa kwa machela wakiondoka kwa miguu.

Alikwenda kwa Daktari Ndimbo, mkubwa wake kliniki, siku iliyofuata ile ya msiba, koti lake halijafungwa vifungo. Ndimbo hakuwa mtu mbaya. Ni muhimu kulisema hili, kwa sababu watu wabaya ni wachache na wangekuwa wameshashindwa zamani. Alikuwa mpole, mchovu, mwenye tabia ya kupangusa miwani kila anapoambiwa jambo asilotaka kuliona.

Mwantumu alimweleza yote. Mwendo, kujikuna, ubavu, uchovu, kisha ini. Alimwambia maradhi hayo yanajulikana: mwili unawageuzia silaha watu wake wenyewe, askari wa kinga wanavamia mifereji midogo ya nyongo ndani ya ini na kuifunga mmoja mmoja, pole pole, miaka na miaka. Yakigunduliwa mapema kuna vidonge vya kuyatuliza. Yakichelewa kugunduliwa hakuna kitu. Na kama maumivu yale ya mwili mzima yalikuwa ndiyo mlango wa mbele wa ugonjwa huo, basi wao wameupigilia misumari mlango, wakamwacha mgeni ndani na wenye nyumba.

Ndimbo alipangusa miwani. Akamwambia kwamba maumivu ya mwili mzima ni idara moja na ini ni idara nyingine, hata majengo ni mawili. Akauliza, kwa sauti ya mwalimu, ni kipi kinachozaa kipi. Ini linaleta maumivu? Maumivu yanaleta ini? Au vyote viwili vina mama mmoja asiyejulikana?

“Sijui,” Mwantumu alisema. “Hilo nakubali, sijui. Na wewe hujui. Tofauti yetu ni kwamba mimi nataka damu ipimwe tujue, na wewe kutojua kwako kunakutosha.”

“Bi Mwantumu, umeniletea vichekesho vya msibani.”

“Nimekuletea mtu pekee mji huu aliyekuwa akiwatazama.”

Ndimbo alimkumbusha utaratibu, na kwa kweli hakuutunga yeye. Mwisho wa korido ipo mashine ya damu. Ina kikuku cha kuvaa mkononi na droo ndogo ya kuchoma kidole. Kikuku kinapima maumivu ya mtu moja kwa moja kutoka kwenye mishipa, na droo haifunguki mpaka alama zifike tano kati ya kumi. Iliwekwa hivyo ili kuzuia watu wenye afya njema kujazana wakitafuta magonjwa. Shida ni kwamba mwenye Tulizo ana sifuri. Mwenye Tulizo akikatwa mguu ana sifuri. Kisheria ni mzima kuliko meneja.

“Basi azimwe,” alisema Ndimbo, akivaa miwani. “Kanuni inaruhusu kuzima kwa matengenezo. Akiumia kiasi cha kutosha, mashine itampima. Nani amemkataza?”

Mwantumu alitoka bila kuaga. Alikuwa na kumbukumbu, na kumbukumbu zake ndizo zilizokuwa zikimchemsha. Alikumbuka jinsi wanawake hawa walivyoambiwa kabla ya Tulizo. Una mawazo. Una jini. Una uvivu. Olewa itaisha, zaa itaisha, acha kuzaa itaisha. Walipokuwa wakiumwa, hakuna aliyewapima kwa kuwa hakuna aliyeamini wanaumwa. Sasa hawaumwi, hawapimwi kwa kuwa hawaumwi. Miaka imebadilika, serikali imebadilika, mto umekauka, na sababu ya kutompima mwanamke wa Kwesemgaya imepatikana tena, mpya, inang'aa, ina hata taa.

3

Sikudhani alikuwa fundi wa nguo za harusi. Baada ya zamu ya Banda la Nyuzi alikaa kwenye cherehani yake sebuleni, mgongo kwa mlango, na nyumba nzima ilijaa shela. Kabla ya Tulizo alilala kitandani miaka, wala si kwa lugha ya picha. Alilala kweli, akigeuzwa, akilishwa, shuka likimuuma ngozi. Mume alivumilia kidogo kisha akaenda kuvumilia kwa mwanamke mwingine. Shangazi zake walimpeleka kwa waganga watatu na kwa mchungaji mmoja, ingawa ni Waislamu.

Mwantumu alisimama nyuma yake mchana ule alipotoka kliniki, rimoti ikiwa mfukoni, kidole gumba juu ya kitufe. Cherehani ilikuwa inalia. Angeweza. Angebonyeza, na dada angefikiri Tulizo limeharibika lenyewe, wangekimbilia kliniki, droo ingefunguka, damu ingepimwa, na hakuna ambaye angejua kamwe. Kiwiko cha Sikudhani kilikuwa kimebana ubavu hata akiwa ameketi. Na viganja vyake, Mwantumu aliviona sasa, vilikuwa vimechunika.

Akatoa mkono mfukoni. Akazunguka mbele ya cherehani, akamwambia ukweli wote, na mwisho akamwomba ruhusa.

Sikudhani hakuinua macho kutoka kwenye mshono mpaka alipoufikisha mwisho.

“Walipokuwa wote wananiita mvivu, wewe ulikuwa mtoto wa darasa la nne,” alisema. “Ulikuwa ukija na kopo la maji, unakaa sakafuni, unaniuliza leo maumivu yamehamia wapi. Wewe peke yako ndiye uliyeniamini, Tumu. Na leo wewe peke yako ndiye unayetaka nirudi kule.”

“Siku moja tu, dada. Wakishachukua damu nakuwasha.”

“Siku moja. Kwani wewe umewahi kukaa kule hata saa moja?”

Dada akaendelea, kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko matusi. Alisema kama ini linakufa, acha life akiwa anashona. Alisema mama yao alikufa kwa wiki mbili, na wiki mbili ni kidogo ukilinganisha na miaka kitandani. Alisema hilo si jambo la kujadiliwa na mtu asiyejua shuka linavyouma.

Haki ilikuwa ya dada. Mwantumu alijua haki ni yake, na hasira yake haikupungua kwa kulijua hilo. Ilikosa tu mahali pa kukaa. Mwili ni wa dada. Maumivu ni ya dada. Lakini anayemwomba dada achague kati ya kuumia na kufa ni nani? Nani aliyeitengeneza mizani hiyo na kuiweka mwisho wa korido?

Hapo ndipo Nyamizi alipoingia, bila hodi kama kawaida yake, ana mafuta ya mnara hadi kwenye nyusi. Alikuwa amewasikia tangu barazani na hakujisumbua kuficha. Alisema amekuja kuchukua nguo.

“Nguo gani?” Sikudhani akauliza.

“Yako. Nimeona bora nichague mapema, siku yenyewe shangazi zako watanipa ile ya kahawia na hainikai.”

Mwantumu alimwambia aache. Nyamizi hakuacha. Alichukua kanga iliyokuwa juu ya kiti, akajifunga, na mbele ya mwenyewe, akiwa hai, akitazama, akaanza kumcheza. Alibana kiwiko. Alipita katikati ya shela za watu kama mtu anayevuka boma la miba. Alikaa kwenye kiti cha kufikirika, akashona mshono wa kufikirika, akasimama kujikuna kiganja kwa ukingo wa meza, akashona, akajikuna. Alijiinua kwa kushikilia hewa. Hakukuwa na mzaha hata chembe usoni mwake, kwa kuwa alijua anachokivunja.

Sikudhani alisimama. Alikuwa amekasirika hadi midomo ilikuwa myeupe, na hakuweza kufanya kitu, kwa sababu mtani hakasirikiwi. Alitazama mpaka mwisho. Kisha, bila kujua, akashika ukingo wa meza na kuanza kujikuna kiganja, akajiona anajikuna, akauondoa mkono kama ameungua.

“Natembea hivyo?” aliuliza.

“Tangu kabla ya Ramadhani ya mwaka juzi,” alisema Nyamizi. Sauti ilikuwa yake mwenyewe sasa, na ilikuwa ndogo. “Mama yenu vile vile. Nilikuwa namwona sokoni, najisemea huyu nikimpata nitamcheza vizuri. Mungu anisamehe, nilikuwa namfanyia mazoezi.”

Sikudhani alikunja shela aliyokuwa akiishona, akaiweka mbali na mahali pa kuchafuka.

“Kesho asubuhi,” alimwambia mdogo wake. “Na unizimie pale pale mlangoni pa mashine. Sitembei korido ile na kitu hicho.”

4

Mwantumu alibonyeza kitufe wakiwa wamefika mbele ya mashine, dada ameketi, mkono wa kushoto tayari ndani ya kikuku.

Kwanza haikutokea kitu. Kisha Sikudhani akasema, “Aa,” kwa sauti ya mtu aliyekutana njiani na mtu anayemfahamu na hakutaka kukutana naye. Mabega yakapanda. Vidole vikajikunja. Maumivu yalirudi yakijua nyumba: shingo, nyonga, magoti, nyayo, kisha yakatandaza mkeka kila mahali. Kioo cha kikuku kikasema mbili. Kikasema nne. Kikafika sita na kupita, na droo ikafunguka kwa mlio wa furaha kama wa mashine ya kuuza soda.

Akachomwa kidole cha mkono wa kulia. Wakasubiri. Taa ya droo ikawaka nyekundu, na maandishi yakatoka kwenye kioo: kinga inashambulia ini, hatua ya pili. Si ya nne. Hatua ya pili ina vidonge. Vidonge vilikuwepo kabatini kliniki hiyo hiyo, vimekaa muda mrefu kwa kukosa wagonjwa.

Daktari Ndimbo aliyasoma maandishi mara mbili, akapangusa miwani, akayasoma tena. Alisema ni sadfa inayoweza kutokea. Alisema hata hivyo amefurahi. Akamwambia Mwantumu amwashe mgonjwa.

Rimoti ilikuwa mkononi. Mwantumu alikuwa ameshainua kidole.

Lakini korido ilikuwa imejaa. Nyamizi alikuwa amepita Banda la Nyuzi wakati wa kubadilishana zamu, na hakuna anayejua alisema nini huko au alicheza nini, ila zamu nzima ya usiku ilikuja na aproni zake, ikasimama ukutani. Wengi wao walikuwa wamebana viwiko. Sasa walipojitazama waliona wamebana, wakaviachia, na baada ya muda vikarudi vyenyewe. Walikuwa wameona droo inavyofunguliwa. Walikuwa wamemwona Sikudhani usoni. Mwamini, mdogo wa marehemu Mwanakombo, alikuwa akimnong'oneza mwenzake kwamba yeye hawezi, watoto bado wadogo, hawezi kurudi kule hata kwa nusu saa, basi tena, liwalo na liwe. Wawili walikuwa wameshageuka kuelekea mlangoni.

Sikudhani aliyasikia. Alikuwa ameinamisha kichwa, jasho linamdondoka puani, na akakiinua.

“Droo bado iko wazi?” aliuliza.

Ilikuwa wazi. Alama zilikuwa saba, na kwa muda wote mkono wake ukiwa ndani ya kikuku droo haikuwa na sababu ya kujifunga. Aliyeitengeneza mashine ile alifikiria wavivu, waongo na watafuta magonjwa. Hakufikiria hata siku moja kwamba mtu anaweza kuumia kwa niaba ya mwingine.

“Mwamini,” alisema Sikudhani. “Njoo uweke kidole. Usizimwe. Njoo hivyo hivyo.”

Ndimbo ndiye aliyeelewa wa kwanza. Alisema huo ni udanganyifu, alama za mtu mmoja haziwezi kutumika kwa damu ya mtu mwingine, kila majibu yatakayotoka hapo ni batili. Kisha, kwa kuwa kweli hakuwa mtu mbaya, akamgeukia Mwantumu na sauti ikambadilika.

“Mwashe. Mtazame mwenyewe. Kwa nini umtese dada yako?”

Mwantumu alimtazama. Alama zilikuwa nane. Midomo ya dada ilikuwa inacheza, na mguu mmoja ulikuwa ukipiga sakafu wenyewe. Alishapimwa. Dawa ipo. Hakuna kitu duniani kilichohitaji aendelee kukaa pale, na kila alichowahi kusomea Tanga, kila siku aliyokaa sakafuni na kopo la maji, kilimwambia abonyeze.

“Ukiniwasha kabla hawa hawajaisha,” alisema Sikudhani, meno yamebana, “usiniite dada tena. Jana uliniomba ruhusa. Leo pia unaniomba, na nakwambia hapana.”

Mwamini alikuja. Alikuja kwa hatua fupi, macho chini, kama mtu anayepita mbele ya wakwe, akaweka kidole kwenye droo. Hakusikia sindano. Taa ikafikiria, ikawaka nyekundu.

Ndimbo alivua miwani, na safari hii hakuipangusa. Aliishika tu mkononi, na bila miwani uso wake ulionekana mtupu na wa mtu mzee zaidi. Alikuwa amemtibu Mwanakombo mwenyewe. Alikuwa amemwandikia mzima mara ngapi.

“Ni batili,” alisema tena, taratibu, lakini hakumwangalia mtu yeyote, na hakuondoka wala hakumzuia mtu.

Wale wawili waliokuwa wakitoka walirudi. Foleni ikajipanga, haikupangwa na mtu. Kijani. Nyekundu. Kijani. Nyekundu, na huyu alikuwa binti wa juzi juzi tu, bado ana hina ya harusi mikononi, na shela yake ilishonwa na Sikudhani.

Mkono wa Sikudhani sasa ulikuwa ukitetemeka sana hivi kwamba kikuku kilikuwa kinapanda na kushuka, na kila kiliposhuka droo ilianza kujifunga. Mwantumu aliitupa rimoti mfukoni. Akapiga magoti sakafuni. Akaushika mkono wa dada yake kwa mikono yake miwili, akaukandamiza ndani ya kikuku, akauhisi unavyoungua na kuruka, na kadiri ulivyoruka ndivyo alivyouminya. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Alikuwa na hasira ya kuubomoa ukuta ule wa sokoni herufi kwa herufi.

Kioo kilisema tisa.

“Mwingine,” alisema Sikudhani.